Moto wa Buluu wa Kina Njeri

Harufu ya mafuta ya taa ndiyo iliyotuamsha utotoni. Kabla jogoo hajamaliza kuwika, mama alikuwa amekwisha kuwasha stovu ya tambi jikoni, na ule moshi wake mwembamba, mweusi, unaokwaruza koo, ulipita juu ya ukuta wa mbao usiofika kwenye paa ukatukuta kitandani. Chai yetu ilikuwa na ladha yake, na mkate pia. Sweta yangu ya shule, iliyoanikwa kwenye kamba juu ya stovu kwa sababu nguo hazikauki katika baridi ya Julai, iliibeba harufu hiyo hadi darasani, na watoto waliinusa kabla sijakaa. "Nyambura, sogea kule, utatuchoma," walisema. Wakanipa jina: Nyambura Stovu. Lakini sikuumia sana, kwa kuwa dawati letu lilikuwa na stovu mbili. Njeri, binti wa jirani yetu na rafiki yangu wa pekee, alinuka vilevile. Kifo cha wengi ni harusi, walisema wahenga, na aibu ya wawili nayo ilikuwa na sherehe yake. Tulicheka pamoja, tukanuka pamoja.

Tuliishi chini ya Kangemi, kwenye mteremko ambao mashamba yake yalikuwa bado hayajamezwa na nyumba za kupangisha. Baba alikuwa mpishi katika nyumba moja ya matajiri wa Spring Valley, na alipokuja nyumbani Jumapili alitusimulia habari za jiko la umeme ambalo halikuwa na moto wa kuonekana wala moshi, ila duara jekundu lililochemsha maji kimya kimya. Mama alimsikiliza huku akikohoa. Kuni zilikuwa zimeadimika, makaa tuliyaweka kwa ajili ya siku za wageni, kwa hiyo siku nyingine zote tuliishi kwa mafuta ya taa yaliyonunuliwa dukani chupa moja moja. Macho ya mama yalikuwa mekundu tangu nilipoanza kumtambua. Kwa miaka mingi nilidhani ndivyo alivyozaliwa.

Nilipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, kanisa letu lilipata mfadhili wa kujenga matangi ya gesi ya samadi. Tuliambiwa kwamba kinyesi cha ng'ombe, kikichanganywa na maji na kufungiwa chini ya ardhi pasipo hewa, hutoa gesi ya kupikia. Wazee wa kanisa walikuja kukagua nyumba mbili, yetu na ya kina Njeri. Mama alifagia uwanja mara mbili asubuhi ile, akawaosha ng'ombe wetu watatu kana kwamba wanakwenda kubatizwa. Hata hivyo wazee walichagua kwa Mama Njeri. Ng'ombe wake wawili walifungwa zizini penye sakafu ya saruji, nao wetu walichungwa kando ya barabara na kuacha samadi yao kokote. "La kwanza tutajenga kwa Mama Njeri," alisema mzee aliyewaongoza. "Likiwaka vizuri mpaka masika yaishe, la pili ni lako, Mama Nyambura." Mama alimshukuru Mungu kwa sauti, kama mtu aliyekwisha kupokea. Walipoondoka aliniambia, "Tungoje. Mvumilivu hula mbivu." Lakini katika maneno yote ya mzee yule, mimi nilikuwa nimesikia neno moja tu: kwanza.

Fundi alileta mabomba na jiko dogo la chuma kutoka River Road mjini, akachimba, akajenga, akafukia. Baada ya wiki kadhaa tuliitwa kushuhudia. Mama Njeri aliwasha kiberiti, na hapo ukatokea moto wa buluu, mfupi, ulionyooka, wenye mlio kama wa mtu anayevuta pumzi kwa subira. Sufuria haikupata hata doa la masizi. Wanawake waliimba. Mama yangu aliimba kuliko wote, akazungusha kiganja chake juu ya ule moto, akainusa hewa na kutabasamu. Mimi nilisimama mlangoni nikiwa na kitu kama kaa la moto chini ya kitovu. Sikuujua wivu kwa jina wakati huo, ila niliujua kwa mwili. Ulinikausha mate. Ulinifanya niuangalie uso wa Njeri na kuona, kwa mara ya kwanza, kwamba alikuwa mzuri kuliko mimi.

Haukupita muda mrefu, sweta ya Njeri ikaanza kunukia sabuni. Wasichana wa dawati la mbele wakamwita akae nao. Nilipomuuliza kwa nini anakwenda, alinijibu bila ubaya wowote, kama mtu anayeeleza habari za mvua. "Nikikaa na wewe inashika tena harufu. Na mama ameifua jana tu." Nilibaki peke yangu kwenye dawati letu, nikiwa stovu moja.

Kumbe ng'ombe wawili hawakutosha. Tangi lilikuwa na njaa, na Mama Njeri akaja kwetu kwa unyenyekevu kuomba samadi. Mama hakusita. "Jirani akiwasha, mwanga unafika na kwangu," alisema, akampa ndoo moja kila asubuhi, na mbebaji wa ndoo hiyo nikawa mimi. Hebu fikiria, msomaji wangu. Mimi niliyenuka mafuta ya taa ndiye niliyepanda mteremko alfajiri na samadi ya ng'ombe wetu kichwani ili moto wa kina Njeri usizimike. Nilimimina kwenye mdomo wa tangi, nikakoroga kwa mti, na kutoka jikoni nikasikia chai yao ikichemka.

Fundi alikuwa ametuonya sote. "Msitie sabuni humu, wala dawa yoyote. Ndani kuna vidudu vidogo sana, na ndivyo vinavyotengeneza gesi. Vikifa, na moto umekufa." Wengine walisahau maneno hayo. Mimi niliyahifadhi kama aya ya kukariri. Kila Jumamosi tuliwanyunyizia ng'ombe dawa ya kupe, na maji yaliyobaki, meupe kama maziwa na yenye harufu ya kuumiza kichwa, mama aliniagiza nikayamwage katika shimo la mbali. Jumamosi moja sikuyamwaga shimoni. Niliyatia katika ndoo ya samadi, nikakoroga, nikaipandisha kwa kina Njeri kama kawaida. Mama Njeri alinipa andazi la moto kwa ajili ya kazi yangu, nami nikalila. Jumamosi iliyofuata nikafanya hivyohivyo, na iliyofuata tena. Mara moja ningeweza kuiita utoto. Mara tatu ni nia.

Moto ulififia. Ukawa wa njano, ukawa unaruka na kukatika, kisha ukakoma. Walipaka mabomba povu la sabuni wakitafuta mahali panapovuja. Wakalirudisha jiko River Road, likafunguliwa, likasafishwa, likarudi lilivyo. Fundi alikuja mara mbili, akaingiza mti tangini, akanusa, akatikisa kichwa. Mwishowe wazee walikutana wakasema vitu hivi havijazoea nchi yetu, na fedha ya tangi la pili ikatengeneza uzio wa kanisa. Mama alisikia habari hizo akiwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi. "Basi, si mapenzi ya Mungu," akasema, akaingia ndani kuwasha stovu. Jioni ile Mama Njeri alikuja kuazima kwetu chupa ya mafuta ya taa. Juma lililofuata Njeri alirudi kwenye dawati letu, akanuka, nami nilifurahi. Nimejaribu miaka mingi kuikumbuka furaha ile kama majuto, lakini haikuwa majuto. Mchimba kisima huingia mwenyewe, husema wahenga, ila mimi nilichimba nikamwingiza mama yangu.

Mama alipika kwa mafuta ya taa hadi nilipokuwa na watoto wangu. Kifua chake kilitupeleka mara nyingi katika hospitali kubwa karibu na Upper Hill, na katika mojawapo ya safari hizo, akiwa amekaa kitandani akipumua kwa kuhesabu, aliukumbuka moto wa buluu. "Ulikuwa mzuri ule," alisema. "Lakini Mungu alisema hapana, na Mungu hana deni kwangu." Hapo ndipo ningesema. Maneno yalifika kwenye meno. Nikayameza, nikajiambia namhurumia mgonjwa. Sisemi kwamba stovu ndiyo iliyomuua. Hilo analijua Muumba. Ninachokisema ni kwamba nilimwacha Mungu abebe kosa langu hadi kaburini kwa mama.

Leo mteremko wetu umejaa ghorofa. Mungu amenitendea mema, na sitaki kumhesabia. Nina nyumba yangu, mtungi wa gesi jikoni, na kiti katika baraza la wazee wa kanisa. Njeri naye ana ghorofa mbele ya nyumba yangu, na juu yake paneli za jua zilizopangwa kama madawati. Anapika kwa umeme wa jua. Nikiamka kusali, dirisha langu linazitazama, na mara nyingi nimesema amina macho yakiwa huko.

Mwaka huu baraza lilijadili mbele ya waumini kuiuza jenereta ya dizeli ya kanisa na kuweka paneli. Aliyeleta pendekezo ni mwana wa Njeri, kijana mwenye adabu na vipimo vyote kwenye karatasi. Nilitamani ashindwe. Naandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kisha mzee mmoja wa rika langu akasimama. "Vijana hamkuwapo," alisema. "Tulishajaribu haya mambo kwa Mama Njeri, na yalikufa yenyewe. Dizeli ni dizeli." Vichwa vikaitikia. Nilihitaji kunyamaza tu, na kijana wa Njeri angeketi. Nilimwona mama yake mstari wa pili, ameinamisha uso. Nikasimama nikishika meza. "Lile tangi halikufa lenyewe," nikasema. "Nililitia dawa ya kupe. Jumamosi tatu."

Walicheka, wakidhani nawatania. Kisha wakaacha. Sijui kama paneli zitawekwa; shauri limeahirishwa, na bei bado inabishaniwa. Nje, Njeri alinikuta kwenye ngazi. Nilitarajia matusi, na ningeyapokea. Alisimama kando yangu akirekebisha leso yake.

"Mama yako alijua?" akauliza.

"Hakujua. Alidhani ni Mungu aliyekataa."

"Na hakumnung'unikia?"

"Hata siku moja."

"Wewe Nyambura," akasema, si kwa hasira, akashuka ngazi polepole akiniacha pale.

Nimeyafikiria maswali yake tangu siku hiyo. Mama alinyimwa kitu kimoja alichokitaka, akaamini aliyemnyima ni yule aliyemwabudu, na bado aliweza kuusifu moto wa jirani yake kwa furaha. Mimi nimepewa karibu kila nilichoomba, na asubuhi hii, baada ya sala, nimehesabu paneli za Njeri tena. Ni kumi na mbili.