Mdomo wa Mama Pichani

Mama yangu hakuwahi kupigwa picha. Alifariki akimzaa mdogo wangu wa kike, mwaka wa vita, sabini na tisa, nyumbani kwetu Nyaishozi, nami nilikuwa na miaka kumi na minne. Tulimzika kibanjani, kwenye migomba ya nyuma ya nyumba, na uso wake ukaenda naye.

Mtoto alipofika miaka minne akaanza kumtafuta. Siku za gulio alishika nguo za wanawake asiowajua akawauliza kama wao ndio mama yake. Wengine walicheka, mmoja alilia. Baba alikuwa amevuka mpaka kutoka Rwanda akiwa kijana, na jembe moja begani, wala sikuwahi kumwona akimwogopa mtu, lakini lile lilimshinda. Alifungua sanduku la bati, akatoa kitenge cha mama na kilemba chake, akaniambia nikaoge, tunakwenda Kayanga.

Nilidhani ananipeleka kwa wachumba, nikanuna njia nzima. Kumbe tulikuwa tunakwenda studio. Ilikuwa chumba kimoja cha udongo, na nyuma kulikuwa na pazia lililochorwa maua ambayo sijapata kuyaona Karagwe nzima. Nilivaa nguo za marehemu, zikinuka dawa ya nondo. Watu walisema mimi na mama tulifanana kama shilingi kwa ya pili, isipokuwa jambo moja: yeye alikuwa na mwanya kwenye meno ya juu, mimi sina. Mpiga picha aliponiambia nitabasamu, baba akakataa.

“Funga mdomo,” aliniambia. “Ukiufungua, si yeye.”

Sikuyapenda maneno yale, na siyapendi hadi leo.

Picha ilitundikwa sebuleni, ikitazamana na kiti cha baba. Mdogo wangu akaambiwa huyu ndiye mama, nami nikaapishwa nisiseme kitu. Hakutilia shaka. Dada yake alikuwa mtu wa jembe na matope miguuni, kichwa kimenyolewa, kovu kwenye nyusi. Yule wa ukutani alikuwa bibi mwenye kilemba. Kila asubuhi mdogo wangu alipanda kigoda akamsalimu, “Shikamoo, mama.” Mimi nilikuwa jikoni namenya ndizi, na siku moja nikajikuta nimeitika marahaba, polepole, peke yangu.

Baadaye baba naye akaanza. Alikuwa Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili, lakini kabla ya kunywa rubisi yake, pombe ya ndizi, alimwaga kidogo sakafuni, chini ya ile picha, kisha akaisimulia habari za kahawa na maharage. Hilo ningelivumilia. Kilichonichoma ni kwamba mimi aliacha kunitazama. Nikimletea maji ya kunawa, aliinamisha macho, halafu akayainua ukutani. Jirani mmoja aliyemjua mama alikuja kutusalimu, akavua viatu mlangoni kama mtu aingiaye kwenye msiba, akakataa kukaa mahali ambapo angeipa mgongo. Nilipoolewa Kituntu nilifurahi kuondoka, na sioni aibu kulisema.

Lakini ile picha haikuniacha. Siku moja napalilia maharage nilijaribu kumkumbuka mama akicheka. Alikuwa mtu wa kucheka sana, hadi anashika kiuno. Nikafumba macho nimwone. Aliyekuja ni mimi, mdomo umefungwa. Nikajaribu tena akiwa anafua, akiwa anabeba kuni, na kila mara nikaja mimi. Niliogopa mpaka nikakaa chini katikati ya shamba.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yetu ilidumu miaka kumi na mitano. Bati la sebuleni lilianza kuvuja, unyevu ukaingia ndani ya fremu, na ukungu haukuanzia pembeni kama kawaida yake. Ulianzia mdomoni. Baba alipofariki, uso ulikuwa mzima kuanzia puani kwenda juu, na chini yake kulikuwa na doa jeupe.

Mwaka tisini na nane mdogo wangu alikuwa anajiandaa kuolewa, na alitaka mama awepo kwenye harusi. Akaipeleka picha Bukoba, kwa fundi aliyekuwa na kompyuta ya kutengeneza picha zilizoharibika. Aliporudi alipitia kwangu Kituntu, bahasha kifuani. Alinieleza kuwa fundi alihangaika siku nzima, kwa sababu pale mdomoni hapakubaki kitu cha kutengeneza. Mwishowe akampiga picha yeye mwenyewe, akamwambia acheke, akautoa mdomo ule akaupandikiza pale. Mdogo wangu ana mwanya. Nilikuwa nauona tangu alipoota meno ya ukubwani, na sikuwahi kuufikiria.

Akaitoa picha kwenye bahasha, akaiweka mezani. Mama alikuwa ananicheka.

Nikaona huu ndio wakati, nimwambie ukweli kabla hajamweka huyo mtu mbele ya wageni. Akaniwahi.

“Dada, najua ni wewe,” alisema. “Nimejua tangu darasa la tano. Kovu la kwenye nyusi ni lako.” Akanisogezea picha. “Lakini wewe ndiye uliyemwona. Mimi sikumwona hata siku moja. Niambie, sasa ni yeye?”

Niliitazama muda mrefu. Macho yangu, meno ya mdogo wangu, kilemba cha marehemu. Nilitafuta kichwani uso wa kulinganisha nao, nikakuta kilichopo ni hiki kilicho mezani, kinacheka.

Nikamwambia ndiye.

Akaisimamisha kwenye ukuta, akaipangusa kwa kanga yake, akaisalimu kama alivyozoea utotoni. “Shikamoo, mama.”

Safari hii mimi sikuitika.