Kalamu Nyekundu ya Jirani Yangu

Jirani yangu hugawa ramani kwenye lango la bandari, hatua tatu kutoka kiti changu cha ulinzi, na kalamu yake nyekundu itanitia wazimu. Meli ya watalii ikishafunga gati, hulamba kidole, hufungua ramani, huilainisha kwa kiganja mara mbili, kisha huchora duara kuzunguka maduka ya vinyago na kusema kwa sauti ya kubembeleza mtoto, "Msivuke hapa, wapendwa. Huko nje si kuzuri." Huko nje ndiko tunakoishi, mimi na yeye, tumetenganishwa na ukuta mmoja. Huko yeye hulala mlango wazi akitafuta upepo, wala hajui funguo alizitupa wapi. Mara ngapi nimemwambia, "Dada, unatusingizia." Hunijibu bila kuinua macho, "Kaka, mimi nafuata maagizo." Sikio la kufa halisikii dawa.

Juzi bibi mmoja mwenye mkongojo alipokea ramani yake, akaitazama, akamuuliza, "Na wewe, binti yangu, unakaa wapi?" Nikaacha kukagua vitambulisho. Kalamu ilining'inia hewani, ikavuka duara, ikapita kiwanda cha barafu, ikatua pembeni kabisa, juu ya tangazo la saa za mkononi lililofunika mtaa wetu wote. "Hapa," alisema, kwa sauti yake ya nyumbani. Bibi akashtuka. "Sasa jioni unafikaje salama?" Jirani yangu akafikiri kidogo. "Kwa miguu," akasema, akalamba kidole, akafungua ramani ya anayefuata.