Mama Nanga

Mwenzangu wa meza ya pili katika chumba cha redio cha bandari tunamwita Mama Nanga, kwa kuwa kazi yake ni kuzuia meli zisitie nanga juu ya kebo ya baharini inayoleta simu na intaneti yote ya kisiwa chetu. Kebo yenyewe haizidi unene wa kifundo cha mkono wake. Kila akianza zamu hupangusa kipaza sauti cha redio, hukohoa mara mbili, kisha huwabembeleza manahodha kama watoto waliogoma kula. Jana meli moja ilisimama palepale kebo inapopita.

“Mama, niache kidogo,” nahodha akasihi. “Binti yangu anaolewa sasa hivi, namtazama kwenye simu, na mtandao unashika huku karibu na kisiwa tu.”

“Hongera, baba. Hiyo arusi inapita chini ya meli yako. Ukitia nanga, umeikata.”

Meli ikaanza kujikokota, nahodha akitusimulia arusi redioni, meli zote zikisikiliza. Bibi arusi alipoitikia, bahari nzima ilipiga honi. Mama Nanga akajifuta machozi kwa kiganja, akabonyeza redio.

“Hongereni nyote. Lakini nanga zibaki juu.”