Njano ya Gauni la Mama

Harufu ya tapentaini ya kuyeyushia rangi ikinipata popote, hata sasa nikiwa mtu mzima ninayeishi kwa kuchora, hunirudisha kwenye chumba chetu cha mtaa wa Makongeni, mwaka ule mama alipofariki.

Baba alikuwa mchoraji wa mabango ya maduka. Mama tulimzika na gauni lake la kanisani, la njano, na picha pekee tuliyobaki nayo, akiwa amelivaa, ilikuwa imepauka. Baada ya mazishi baba akaanza kuitafuta njano ile. Kila Jumapili, tukitoka ibadani, alikata boksi la sabuni vipande vya mraba, akachanganya rangi, akapaka, na nyuma akaandika kwa penseli: njano vijiko viwili, nyekundu tone moja. Alivibandika ukutani kuanzia njano iliyokolea hadi iliyofifia. Aligundua kwamba kipande kilekile kikikaa karibu na buluu kinang'aa, kikikaa karibu na nyeupe kinapooza. Hilo nalo aliliandika.

Siku moja jirani yetu Mama Mutua alikuja kuomba kiberiti, akasimama mlangoni.

"Baba Atieno, njano zote hizi ni za duka gani?"

"Si za duka."

Aliutazama ukuta, akaitazama picha ya mama, akaondoka bila kiberiti.

Jumapili iliyofuata baba alianza kuvibandua. "Hakuna hata moja," alisema. Mimi Atieno, mtoto wa miaka minane, niliokota kimoja ambacho rangi yake ilikuwa bado mbichi, nikakilaza mkononi kama saa.

"Baba, ona, ni saa ngapi?"

Aliushika mkono wangu, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Watu wote walisema nimechukua rangi ya mama.

"Ndiyo hiyo," alinong'ona. "Ndiyo hiyo kabisa." Kisha akalia, nami, nikiona rangi imechafua mkono wa sweta, nikamwambia, "Pole baba, sitagusa tena."

Miaka ilipita, nikaanza kupanga rangi zangu mwenyewe kwenye turubai, ndipo nikaelewa. Njano ile ilikuwa ukutani wiki nzima. Baba hakuwahi kuiona ikiwa peke yake. Alikuwa ameiona siku zote ikiwa imevaliwa na mama, kando ya shingo yake, kando ya mikono yake. Alichokikosa hakikuwa kwenye kopo lolote.

Tangu Jumapili ile baba hakuchanganya njano nyingine. Akichora, aliniita nikae karibu.