Niliandika Jina la Mama Mkwe Wangu Chini ya Sura ya Mtu Mwingine

Admin, jina langu libaki huko huko kwako, na kijiji usikitaje, sema tu kata ya Litapunga. Mficha uchi hazai, kwa hiyo leo naanika. Ila nyie wa kwenye komenti msianze na "dada ulikuwa unawaza nini." Hilo swali nimeshajiuliza mwenyewe mpaka kichwa kinauma.

Nina miaka 31, nimeolewa, nina watoto wawili. Mimi nimezaliwa Mpanda mjini. Mume wangu ni wa huku, wazazi wake waliletwa kutoka Burundi kama wakimbizi wakiwa wadogo na sasa ni raia wa Tanzania. Mama mkwe wangu ndiye mwenyekiti wa shirika letu dogo la akina mama. Mimi ni katibu, kwa sababu nilimaliza form four na ni mimi peke yangu mwenye simu ya kupangusa. Wenzangu wote wana vitochi.

Shirika letu linajenga bweni. Mabinti wetu wa sekondari shule iko mbali, wanapanga vyumba karibu na shule, wanajipikia, hakuna mtu mzima wa kuwaangalia. Mwaka jana wawili walirudi nyumbani na mimba, na mmoja ni mtoto wa wifi yangu. Akina mama wakasema imetosha. Tukafyatua tofali, tukachoma, tukajenga kwa udongo maana saruji hatukuiweza. Kuta zimefika kwenye lenta, juu ya madirisha. Mfadhili mmoja akaahidi mbao na bati, ila akataka kwanza tuwe na tovuti ili watu wake watuone.

Nikaenda Mpanda kwa mzee mmoja mwenye stationery. Akanionyesha programu mbili za bure za kutengenezea tovuti. Ya kwanza inafunguka tupu kama daftari jipya, picha na maneno unaweka yako. Ya pili inakuja imejaa, picha za watu zimo, kurasa zimo, wewe unabadilisha majina tu. Akaniambia, "Mama, hii tupu itakusumbua lakini itakuwa yenu. Hii nyingine ni kama chumba cha kupanga chenye vyombo vya watu." Nikacheka. Nikachagua yenye vyombo.

Sio uvivu tu, jamani. Akina mama walikuwa wamekataa kupigwa picha. Nilipotoa simu kwenye kikao, mama mkwe alisimama akasema, "Mimi nimepigwa picha mara tatu maishani mwangu. Mara zote tatu walikuwa wanatuandikisha, na mara zote tatu tukaambiwa tufunge mizigo. Picha ikipigwa, watu wanahama. Mimi hapa sihami tena." Mimi mtoto wa mjini nilitaka kucheka, kuangalia pembeni naona wamama wazima wanafuta machozi kwa kanga. Nikarudisha simu kwenye pochi.

Sasa kwenye ile programu, ukurasa wa viongozi ulikuwa na picha ya bibi mmoja mwenye miwani, anacheka, kitenge kimepigwa pasi. Picha ya mfano tu, na chini yake jina la mfano. Nikafuta lile jina, nikaandika la mama mkwe wangu. Nikaona imependeza mno. Nyumbani nikamwambia, "Mama, jina lako lipo mtandaoni." Akaniuliza, "Bila picha?" Nikamjibu, "Bila picha yako, mama." Akanishika mkono akashukuru. Mungu anisamehe.

Wiki iliyopita mfadhili kaandika. Anasema huyo bibi wamemkuta kwenye tovuti ya shirika lingine kabisa, la nchi nyingine, na huko ana jina lingine. Anatuona matapeli. Anataka maelezo, na picha ya mwenyekiti halisi akiwa amesimama kwenye jengo, mwisho Ijumaa hii. La sivyo bati zinakwenda kwa wengine. Nilisoma ule ujumbe shambani, nikakaa chini kwenye matuta ya watu.

Na mawingu ndiyo hayo yanakusanyika. Ukuta wa tofali zilizoungwa kwa udongo ukikosa bati, mvua za kwanza tu zinaulaza, kila mtu huku anajua. Tofali zile wamama walizibeba kichwani.

Nimwambie mume wangu? Nilimwambia. Kanijibu, "Hayo ni ya wewe na mama, mimi usiniingize." Haya, mwanaume huyo.

Nikafanya jambo lingine baya. Juzi mama mkwe alikuwa anafyeka majani kuzunguka jengo, nikajificha nyuma ya rundo la tofali nikampiga picha. Imetoka nzuri kuliko ya yule bibi wa miwani. Kashika panga, kanga imefungwa kiunoni, kuta zote zinaonekana nyuma yake. Ipo kwenye simu yangu. Kutuma ni kubonyeza mara moja tu, na yeye kwa kitochi chake hatajua milele. Lakini nitakuwa nimemwibia mara mbili, kwanza jina na sasa sura.

Leo Jumatano asubuhi kaniletea karanga za kuchemsha. Kaniita 'mkwe wangu' kwa Kirundi kama kawaida yake, "Mukazana wanje, wewe ndiye macho yetu huko mtandaoni." Nilitaka nimwambie yote pale pale, nikaishia kumshukuru kwa karanga.

Ndugu zangu, siku mbili zimebaki. Nikituma kwa siri, mabinti wanapata paa na mimi naishi na huo wizi. Nikimwambia ukweli nikamwomba asimame pale mbele ya simu, najua hatanitukana, hana tabia hiyo. Ataniangalia tu aniulize, "Mukazana wanje, sasa tunahamia wapi?" Nyie mnaosoma mkiwa na akili zilizotulia, niambieni, nimjibu nini?