Maneno Niliyomfundisha Juma

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, enzi za Mwingereza, tulipotembea kutoka Kibuta kwenda kwa mganga wa Vihingo, mimi na mdogo wangu, yeye amefunikwa kaniki gubigubi kwa kuwa alikuwa mwali aliyewekwa ndani. Nyumbani aliitwa Mwajuma. Mimi alinisihi nimwite Juma, maana tangu utotoni alijijua mwanamume.

Mwanangu, mganga huyo alikuwa mama mtu mzima aliyetibu kwa kusikiliza. Alikaa na mtu siku saba, akimwuliza kidogo na kunyamaza sana. Wazee walilitii neno lake. Kama angesema mwali huyu asichezwe ngoma wala asiozwe, avae kanzu aishi kiume, baba angekubali. Juma hakuwa na mlango mwingine.

Nami, kijana wa juzi, nikajitia ujuzi. Njiani nikamwambia, "Ukisema ukweli atakucheka. Sema una pepo dume. Pepo waganga wanawajua."

"Akiniuliza mimi mwenyewe nataka nini?"

"Wewe huna unalotaka. Anayetaka ni pepo."

Akajibu hivyo siku zote saba. Njia ya mwongo ni fupi. Mganga alimfukiza pepo, akatangaza kwamba ametoka, na baba akamcheza mwali wake kwa shangwe, akamwoza. Mwezi haukuisha, Juma akatoroka kutoka kwa mumewe. Tulimtafuta hadi Kibaha, kwenye barabara ya Morogoro. Hatukumwona tena. Mama alikufa akimwulizia.

Nilirudi Vihingo nikakiri. Yule mganga hakunigombeza.

"Nilimtibu mtu uliyemtunga wewe, mjukuu wangu. Ndugu yako hakufika kwangu." Kisha akasema, taratibu, "Walishakuja wawili kama yeye. Niliwasemea kwa wazee wao, wakaachwa waishi walivyojijua."

Basi mwanangu, wewe unayejiandaa kwenda kwa mshauri kwa jambo kama la Juma, mficha uchi hazai. Usibebe majibu ya kuazima ili akupitishe haraka. Mweleze unalolijua, na usilolijua pia, hata ile hofu unayodhani itakufungia mlango. Akikudharau, ondoka utafute mwingine, lakini usimpeleke mtu wa kubuni akaketi mahali pako. Na yeyote atakayekusindikiza, abaki nje, afunge mdomo, mimi sikuufunga.

Mungu akujalie msikilizaji mwenye subira. Akujalie watu wa kukuita kwa jina lako ungali hai. Na Juma, popote alipolala, amsitiri.