Nimeombewa Nikiwa Ndani ya Mashine ya Maziwa

Leo nimeombewa nikiwa ndani ya mashine.

Karakana yetu hapa Kiplombe hutengeneza mashine za kuuza maziwa. Unabonyeza, maziwa yanatoka. Leo mzee mmoja mwekezaji alikuwa anakuja, na stima ikaunguza pampu asubuhi.

Bosi akanitazama. Mwembamba ni mimi.

"Ingia na jagi. Taa ikiwaka, mimina. Huyu mzee akikataa kutoa pesa, tunafunga."

Nikaingia, magoti kidevuni, mlango ukafungwa.

Mzee akabonyeza. Nikamimina. Akafurahi mno, akabonyeza tena na tena, mpaka nikabaki na maziwa ya kikombe kimoja.

"Hii lazima tuiombee!" akasema.

Akaweka mkono juu ya bati, juu ya kichwa changu kabisa, akaomba mpaka mguu wangu ukafa ganzi.

Kisha akapaza sauti: "Bwana asifiwe!"

Nikajibu "Amen!" kwa sauti kuliko wote.

Mzee akaondoa mkono juu ya bati.

Akafungua mlango. Tukatazamana, jagi mkononi.

"Na wewe," akauliza polepole, "unakula stima ngapi?"

Bosi anasema nimeua kampuni. Nyinyi mliolelewa kanisani, semeni ukweli: mngenyamaza?